Jagi Lililorudi Tupu

Luhaga mwana wa Mashimba alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyomponza. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akadhani hii ni habari ya mtu mbaya. Mtu mbaya angeingia chumbani siku ya kwanza, angemwinua mama wa watu kichwa, angemnywesha maji, na leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Mama wa watu huyo aliitwa Nyanjige, na alikuwa mama mkwe wake. Kwa Wasukuma mkwe si mtu wa mchezo. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali chungu kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini akageuza uso mpaka mwenzake apite. Miaka sita Luhaga alikuwa amemwoa Sayi, na katika miaka yote hiyo alimjua mama mkwe kwa kisigino na kwa kikohozi tu. Ugomvi hawakuwa nao hata chembe. Kila mavuno bibi yule alimpelekea kunde na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mkono wa Sayi, na Luhaga naye alirudisha sabuni na mafuta ya taa, duka la ushirika likiwa navyo. Walipendana kwa namna yao, kwa mbali.

Zamani ugonjwa wa bibi usingekuwa kazi ya mkwe. Nyanjige alikuwa na dada wawili, na nyumba zao zilikuwa karibu kiasi cha kuombana moto. Lakini Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ya mwaka sabini na nne ilipopita, watu walipakiwa kwenye malori na kupangwa kwa mistari kama mabua. Dada mmoja aliangukia Lalago, mwingine akapelekwa kijiji cha upande wa Bariadi, na Nyanjige akabaki Migato akiwa na majirani ambao hata majina yao alikuwa bado anajifunza. Watoto wake wengine walikwisha kufa utotoni. Alibakiwa na Sayi.

Miaka miwili baadaye, pamba ikiwa imepasuka mashambani, Nyanjige akashikwa na homa na kikohozi cha kuchoma mbavu. Sayi hakuweza kutoka. Alikuwa na kichanga cha siku mbili, na mzazi hatoki nje ya nyumba kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka.

"Mpeleke wewe," alimwambia Luhaga, machozi yakimtoka. "Kitovu kikidondoka tu, nakuja. Usimwache mama yangu."

"Simwachi," Luhaga alisema.

Alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Mke wa balozi wa nyumba kumi alikaa nyuma akimshika mgonjwa, na Luhaga akatembea mbele ya ng'ombe safari nzima bila kugeuka hata mara moja. Walipofika hospitali ya misheni jua lilikuwa limeanza kupinda. Mke wa balozi akamsaidia bibi kushuka, kisha akarudi na mkokoteni siku ileile, kwani pamba yake ilikuwa inapeperushwa na upepo na mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu wa kusikiliza sababu.

Kwenye meza ya mapokezi alikuwepo nesi kijana, Siwema, binti wa Ujiji, mwezi wake wa pili katika nchi ya Usukuma. Kwao Ujiji mkwe mzuri ni yule anayeingia jikoni kwa mama mkwe na kuuliza leo kumepikwa nini. Alimtazama Luhaga, akashika kalamu.

"Ndugu, nani atakayemuuguza mgonjwa?"

"Mimi, mkwe wake," Luhaga akajibu.

Siwema akaandika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyesema uongo. Kwa Siwema, kuuguza ni kulisha, kunywesha, kugeuza na kuosha, kwa sababu manesi walikuwa wawili kwa vitanda arobaini, na kazi hizo zilifanywa na ndugu wa mgonjwa. Kwa Luhaga, kuuguza kulikuwa kukaa pale asiondoke, kuchota maji, kutafuta kuni, na kuwa mtu wa kuitwa likitokea jambo. Kulisha mgonjwa aliyelazwa, alidhani, ni kazi ya wenye hospitali. Serikali ilikuwa imetangaza matibabu bure. Nani angefikiri kwamba kikombe cha maji hakimo?

Kwa ajili ya kile kikohozi, mganga msaidizi, Bwana Novatus, alihofia kifua kikuu. Akaagiza Nyanjige alazwe peke yake katika kichumba cha mwisho wa wodi, wagonjwa wengine wasiambukizwe. Kichumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama kibarazani, na Luhaga akafanya makao chini ya dirisha hilo, mgongo ukutani. Asubuhi na jioni alichota maji kisimani, akajaza jagi la bati, akamwomba mwanamke mmoja wa jikoni ampikie uji mwepesi, kisha akavipeleka hadi kizingitini na kumkabidhi Bundala, mfagizi wa wodi. Bundala aliviweka juu ya kabati karibu na kitanda. Baadaye jagi lilirudi tupu, na bakuli likarudi limeoshwa.

Luhaga alifurahi kila jagi liliporudi tupu. Mgonjwa anayekunywa maji ni mgonjwa wa kupona, alijisemea, na siku ya tatu alichota maji mara tatu badala ya mbili.

Sindano za kifua zilifanya kazi. Siku ya nne homa ilianza kushuka na kikohozi kikapungua, naye Siwema alipopita akamwonyesha Luhaga kidole gumba dirishani. Lakini siku ya tano Luhaga alisikia kitu ndani. Kwanza kitanda kililia. Kisha kikaja kishindo cha kikombe kuanguka sakafuni, kikabingirika, kikatulia. Akasimama. Alisimama pale uso ukitazama uwanja, masikio yakiwa ndani, akisubiri mama mkwe aite mtu. Nyanjige alijua nani yuko chini ya dirisha. Alikijua kikohozi cha Luhaga kama Luhaga alivyokijua chake. Lakini jina la mkwe halitamkwi, na kuomba maji kwa mkwe ni kujivua nguo. Hakuita. Luhaga akaenda kumtafuta nesi, akamkuta amezungukwa na watoto wa surua, akangoja mlangoni kwa heshima mpaka alipopata nafasi. Siwema alikuja alasiri, akaokota kikombe, akakiweka juu ya kabati kilipokuwa.

"Mgonjwa wako ana mikono dhaifu," alimwambia kupitia dirishani. "Uwe unamshikia vizuri."

Luhaga aliinamisha kichwa. Alidhani maneno hayo ni ya mji, namna ya kusema pole.

Siku ya sita Nyanjige alianza kusema ovyo. Alizungumza na dada zake kana kwamba wapo, akiwauliza mtungi wameuweka wapi. Siku ya saba mkono wake wa kushoto ukawa unashtuka-shtuka wenyewe, midomo ikapasuka, ulimi ukawa mkavu kama gome. Bwana Novatus alihisi malaria imepanda kichwani. Akampiga sindano ya kwinini, akamtundikia chupa mbili za maji ya mshipani, yale ya chumvi, kwa sababu ya sukari yalikwisha tangu mwezi wa nne na lori la dawa lilikuwa halijafika. Chupa zikaisha, mgonjwa akazidi. Basi akachota damu, akaandika kwenye karatasi kila kipimo alichokijua, na kumpa kondakta wa basi la Mwanza avipeleke hospitali kubwa yenye mashine. Pale misheni walikuwa na darubini moja tu, na darubini haioni chumvi.

Luhaga aliyaona hayo yote kwa masikio. Alisikia mtundiko wa chupa ukigongwa, akasikia mama mkwe akiomba mtungi kwa watu wasiokuwepo. Naye aliendelea kuchota maji. Sasa alichota mara nne.

Majibu yalirudi siku ya tisa kwa basi lilelile. Bwana Novatus aliyasoma akiwa amesimama kibarazani, akayasoma tena, halafu akamwita Siwema, akamwita na Bundala aliyekuwa anapita na ndoo.

"Chumvi ya damu mia moja sabini na nne," alisema. "Mimi na wewe tuna mia na arobaini. Hii si malaria. Huyu mama amekauka. Nani anampa maji?"

"Mkwe wake," Siwema akasema, akamwonyesha Luhaga. "Nimeandika siku ya kwanza."

Luhaga alisimama, akavua kofia. "Maji nachota, Bwana mganga. Kila siku. Jagi linarudi tupu."

Wote wakamgeukia Bundala. Bundala aliweka ndoo chini.

"Maji yakilala yanamwagwa," alisema. "Ndiyo amri ya wodi. Uji nao ukichacha namwaga."

"Jagi ulikuwa unalikuta na maji kiasi gani?" Siwema akauliza.

"Limejaa."

"Kila siku?"

"Kila siku, nesi, labda lipungue kidogo tu. Nikasema pengine mama hapendi maji ya kisima chetu." Bundala alikuwa Msukuma wa Maswa, mtu mzima. "Huyu baba ni mkwe wake. Hawezi kuingia mle. Hata kumtazama hawezi."

"Na hukusema?"

"Nilidhani mnajua. Kwani nani asiyejua jambo hilo?"

Siwema alikaa chini kwenye ngazi ya kibaraza na sare yake nyeupe, akaziba uso kwa viganja. Bwana Novatus aliikunja karatasi, akaikunjua. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye bidii, na hakujitetea.

"Na mimi nikamwongezea chupa mbili za chumvi," alisema.

Kisha akaeleza la kufanya. Maji ya sukari hayakuwepo, na mpira wa kupitishia maji puani ulikuwa mmoja, umepasuka. Ilibaki kijiko. Mgonjwa bado alikuwa anameza, basi apewe maji kwa kijiko, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kwa siku mbili hadi tatu. Akigugumizwa kikombe kizima kwa huruma, ubongo utavimba, atashikwa na degedege na atakufa mkononi mwa aliyemhurumia. Bundala alipewa baiskeli ya misheni akamlete Sayi kutoka Migato, kitovu kiwe kimedondoka au hakijadondoka. Siwema alimnywesha Nyanjige kwa saa nzima, kisha wodi ya watoto ikamwita, na alipoondoka aliacha kijiko juu ya kabati akimtazama Luhaga kwa macho mekundu.

Luhaga alikimbilia jikoni, wanawake wanakopikia wagonjwa wao. Alisalimia kwa adabu zote, "Mwadila, bamayu," salamu ya mchana kwa akina mama, akaomba mmoja wao akamsaidie mama yake kijiko cha maji. Walimhurumia. Lakini waliposikia ni kichumba cha mwisho, kile cha wakohozi, mmoja alimvuta mwanawe mgongoni na mwingine akaanza kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

"Tuna watoto, baba," alisema mkubwa wao. "Utusamehe."

Alirudi, akasimama kizingitini. Hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza fisi zizini kwa fimbo. Akageuza uso pembeni, akasema kwa Kisukuma kwamba anamwomba mayu amsamehe macho yake, kwamba atalipa mbuzi, atalipa hata mtamba, na wakubwa wamhukumu watakavyo. Nyanjige hakusikia. Luhaga akaingia.

Alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza moyo ulimpasuka, maana ulikuwa uso wa Sayi. Paji lilelile, mwanya uleule wa meno ya mbele, na hata kile kikunjo cha katikati ya nyusi ambacho Sayi hukitoa akiudhika. Miaka sita alikuwa analala na kuamka na uso ule, na siku tisa ulikuwa unakauka upande wa pili wa ukuta aliouegemea. Aliona aibu, akaona uchungu, na aibu ilikuwa kubwa kuliko uchungu, jambo ambalo baadaye hakujisamehe. Akachota kijiko.

Alimnywesha mchana ule, akamnywesha usiku, akamnywesha kesho yake asubuhi. Kijiko, akahesabu pumzi ishirini, kijiko. Alijifunza kumpangusa kidevu kwa pindo la kanga. Mkono wa kushoto uliacha kushtuka. Midomo ikalainika. Kitanda kikalowa mkojo, na Siwema, aliyepita mbio kati ya mtoto mmoja wa surua na mwingine, alishangilia mkojo ule mpaka Luhaga naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu Migato. Bwana Novatus akasema akiendelea hivi hadi kesho, bibi atapona.

Mchana wa siku ya kumi Nyanjige alifumbua macho, na macho yalikuwa na mtu ndani.

"Sayi?" aliita.

Luhaga alibana pumzi. Angeweza kutoka wakati ule. Lakini kijiko kilikuwa kimejaa na mdomo ulikuwa wazi, akamimina. Nyanjige akameza. Kisha akamtazama huyo aliyemnywesha, kuanzia mkononi, akapanda begani, akafika usoni, na Luhaga aliona namna akili ilivyokuwa inamrudia taratibu, hatua kwa hatua, kama walivyokuwa wakiiombea irudi. Ilipofika, bibi alifunga mdomo. Akaivuta kanga kwa mkono usio na nguvu, ikachukua muda mrefu, lakini aliivuta mpaka ikafunika uso wote.

"Mayu," Luhaga alisema, "ni maji tu."

Kanga haikusogea. Aligeuka akampa mgongo, akanyoosha kijiko nyuma bila kutazama, mkono ukipapasa, maji yakamwagika kwenye mto. Akachota kingine. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, macho amefumba, akamwapia kwamba haoni kitu, kwamba yeye si Luhaga, yeye ni mfagizi tu. Mtu mzima analia na kijiko mkononi, na meno ya bibi yalikuwa yamefungwa.

Akaenda kumtafuta Siwema. Kwa Siwema, Nyanjige alikunywa, vijiko vinne, vitano, kwa hamu. Halafu mtoto akazidiwa upande wa pili na Siwema akaondoka. Alirudi jioni, akampa vitatu. Bwana Novatus naye akaja na kumpa viwili kabla hajaitwa kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Luhaga alirudi chini ya dirisha lake, mgongo ukutani, maana akiwa ndani bibi hakuvuta hata pumzi vizuri chini ya ile kanga. Alikuwa na maji, alikuwa na kijiko, alikuwa na siku nzima isiyo na kazi nyingine, na hakuna katika hivyo vyote kilichomfaa. Usiku Nyanjige alianza tena kuwauliza dada zake kuhusu mtungi. Luhaga alipolisikia hilo aliingia mbio, maana sasa asingemtambua, lakini sasa hata kumeza hakumeza tena. Maji yalitoka pembeni mwa mdomo yakashuka shingoni.

Alikata roho asubuhi, ng'ombe wa misheni wakiwa wanatolewa zizini.

Sayi alifika saa sita mchana juu ya lori la pamba alilolingojea tangu jana yake, kichanga kifuani, nyuzi za pamba nywele nzima. Aliingia kichumbani peke yake na Siwema, na kilio chake kikasikika hadi barabarani. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuja moja kwa moja pale kibarazani alipokuwa Luhaga, akakaa mbele yake sakafuni.

"Nesi ameniambia wewe ndiye uliyemnywesha. Kwa mkono wako."

"Mimi."

"Alikuona?"

"Aliniona."

Sayi aliweka kiganja mdomoni. "Ulithubutuje, Luhaga? Mama yangu ameondoka na aibu. Umemtia aibu akiwa hana hata nguvu za kugeuka."

Mtoto alianza kulia, na Sayi akafungua gauni, akampa ziwa. Mtoto alipokwisha kushika na kuanza kunyonya, Sayi alinyanyua tena uso, na kile kikunjo kilikuwa katikati ya nyusi zake. Safari hii sauti ilikuwa ya chini, karibu ya upole.

"Na siku zile tisa za mwanzo," akauliza, "kwa nini ulimwacha na kiu?"

Alingoja jibu. Alingoja kweli, kwa sababu alitaka kujua.